Vumbi, Jasho na Ukungu: Usafishaji wa Bastola katika Jiji la Arusha na Miteremko ya Meru

Vijitabu vya maelekezo vinavyouzwa pamoja na bastola huandikwa na viwanda vya Austria, Italia, Ucheki au Marekani kwa kumfikiria mmiliki anayekwenda kwenye uwanja wa shabaha mara kwa mara, akapiga risasi mia moja au mia mbili kwa siku moja, kisha akarudi nyumbani na silaha iliyojaa masizi ya baruti. Mmiliki wa kawaida wa Arusha, awe mfanyabiashara wa madini, mwenye kampuni ya utalii, mkulima wa kahawa upande wa Tengeru au mwenye duka la jumla, yuko katika hali tofauti kabisa, kwa kuwa bastola yake huweza kukaa kiunoni na kwenye sefu kwa miaka bila kupigwa risasi hata moja, na katika muda huo wote hupokea jasho la mwili, nyuzinyuzi za nguo, vumbi la barabarani na unyevu wa mlima. Kwa sababu hiyo adui wa bastola hiyo si masizi, na mmiliki anayefuata desturi ya mpiga shabaha, kwa kusugua kasiba kila wiki na kumwaga mafuta kila penye tundu, hujikuta akiichakaza silaha yake kwa mikono yake mwenyewe huku akidhani anaitunza.

Mazingira ya eneo hili yanahitaji kuelezwa kwanza, kwani ndiyo yanayoamua nini kisafishwe na kwa nini. Jiji la Arusha liko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru ambao kilele chake, Kilele cha Ujamaa, hufikia mita 4,566. Miteremko ya kusini na mashariki hupata mvua nyingi, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei, na hata miezi ya Juni na Julai isiyo na mvua kubwa huwa na ukungu na baridi ya asubuhi inayokaa ndani ya nyumba zilizozungukwa na migomba. Upande wa kaskazini na magharibi wa mlima, kuanzia Oldonyo Sambu kuelekea Longido, nchi ni kavu na upepo hubeba vumbi jingi. Meru ni volkano iliyotoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910, na udongo unaotokana na majivu na mawe ya volkano una punje ndogo, ngumu na zenye kingo kali, ambazo zikichanganyika na mafuta hugeuka kuwa uji wa kunolea vyuma. Wanaosafiri kwenda Mererani, ng'ambo ya mpaka wa mkoa katika Wilaya ya Simanjiro, hurudi na vumbi la aina nyingine, kwa kuwa miamba inayobeba tanzanaiti huwa pia na grafaiti, yale madini meusi laini yanayotumika ndani ya penseli. Wapo wanaoamini kwamba grafaiti hiyo haina madhara kwa sababu hutumika viwandani kulainisha vyuma, lakini ile inayotoka mgodini huja pamoja na unga wa mawe, na ikikaa penye unyevu juu ya fremu ya aluminiamu huweza kuharakisha kuliwa kwa metali hiyo.

Kabla ya kitambaa na mafuta huja suala la kuiondoa risasi, na hapa ndipo ufahamu wa namna bastola inavyofanya kazi unapookoa maisha. Bastola ya nusu otomatiki ni ile inayotoa risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio, yaani triga, lakini hutumia nguvu ya mlipuko uleule kujiandaa kwa risasi inayofuata. Sehemu nzito ya juu inayoteleza, iitwayo slaidi, hurushwa nyuma, hutoa ganda tupu, kisha husukumwa mbele na springi na kuchota risasi nyingine kutoka kwenye magazini, kile kisanduku kinachoingia ndani ya mpini, na kuiingiza kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya kasiba ambamo risasi hulala ikisubiri kugongwa. Kasiba ni bomba la chuma ambamo risasi hupita, na fremu ni kiunzi cha chini kinachobeba mpini na kifyatulio. Maelezo haya yanaonyesha kwamba risasi za bastola hukaa mahali pawili, kwenye magazini na kwenye chemba, na kwamba kuiondoa magazini hakuigusi hata kidogo ile iliyoko kwenye chemba. Bastola nyingi zitafyatua risasi vizuri kabisa zikiwa hazina magazini. Browning Hi-Power, iliyoanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1935, ilipewa kizuizi kinachozuia kifyatulio kufanya kazi magazini ikiwa nje, na mtu aliyeizoea bastola ya namna hiyo yuko hatarini zaidi siku atakaposhika ya aina nyingine.

Mpangilio wa hatua ndio usalama wenyewe. Mdomo wa silaha huelekezwa mahali pasipoweza kumdhuru mtu, kidole hukaa pembeni mwa fremu na si ndani ya kikingio cha kifyatulio, magazini hutolewa na kuwekwa kando, na baada ya hapo tu ndipo slaidi huvutwa nyuma kwa nguvu ili risasi ya kwenye chemba itoke. Anayegeuza mpangilio huu, akavuta slaidi kwanza na kutoa magazini baadaye, huona risasi ikiruka nje na kuridhika, ilhali slaidi iliporudi mbele ilichota nyingine kutoka kwenye magazini iliyokuwa bado imo. Bastola inayoonekana tupu inakuwa imejaa, na mwenyewe ameshuhudia kwa macho yake ushahidi wa uongo. Slaidi inapaswa kufungwa ikiwa nyuma, chemba itazamwe penye mwanga, kisha ncha ya kidole kidogo iingizwe ndani yake kuhakikisha kwamba hakuna kitu, kwa sababu umeme unapokatika usiku macho peke yake hayatoshi. Wataalamu wengi hushauri mtu atazame, ageuze uso pembeni, kisha atazame tena, na ushauri huo una maana kubwa kuliko unavyosikika, kwani jicho lililochoka huona lile linalotarajia kuliona.

Desturi moja inayopendwa na wenye mikono myepesi ni kufunika tundu la kutolea maganda kwa kiganja ili kuidaka risasi inapotoka. Ni bora iachwe kabisa. Risasi iliyozuiwa na kiganja huweza kugeuka ndani ya tundu hilo na fataki yake, yaani kile kidonge chenye baruti nyepesi kilichoko katikati ya kitako cha risasi, ikagongwa na ncha ya kipande cha chuma kinachotupa maganda nje. Risasi ikilipuka nje ya chemba ganda lake hupasuka, na vipande vya shaba huingia mkononi na machoni. Kuiacha ianguke juu ya kitambaa au zulia hakuna gharama yoyote.

Kuhusu mahali salama pa kuelekeza mdomo wa silaha, nyumba nyingi za mjini humdanganya mwenye nyumba. Ukuta wa mbao, dari ya jipsamu na mlango wa mninga havizuii risasi ya milimita 9, na sakafu ya zege huweza kuirudisha ikiwa imepinda mwelekeo. Vituo vya polisi na kambi za kijeshi katika nchi nyingi huwa na pipa la mchanga ambalo askari huelekezea silaha wanapoondoa risasi, na jambo hilo linaweza kufanyika nyumbani kwa ndoo ya lita 20 iliyojazwa mchanga mkavu hadi juu, ikawekwa kwenye kona ya chumba kimoja ambacho watoto hawaingii. Mchanga mweusi wa volkano unaochimbwa kuzunguka Meru kwa ajili ya ujenzi unafaa vizuri, mradi upepetwe ili usiwe na mawe. Mdomo wa bastola huelekezwa katikati ya ndoo, kutoka juu kwenda chini, wakati wote wa kuingiza na kutoa risasi. Na kwa kuwa mahali hapo panakuwa palepale siku zote, mwili huzoea, na mazoea ya mwili hudumu hata siku ambayo akili iko kwingine.

Bastola ikiwa tupu, risasi zote, zikiwemo zile za kwenye magazini, hutolewa nje ya chumba kinachotumika kusafishia. Hatua hii wengi huiruka kwa kuona kwamba imezidi kiasi. Hata hivyo, bastola aina ya Glock, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambayo sasa huonekana dunia nzima, haifunguki mpaka kifyatulio kivutwe kwanza, na mtu akivuta kifyatulio huku risasi ziko mezani mbele yake amebakiza kosa moja tu kufikia msiba. Aina nyingine hutofautiana. Walther PP ya mwaka 1929 na Makarov ya Kirusi hufunguliwa kwa kuvuta chini kikingio cha kifyatulio na kuinua slaidi kwa nyuma; CZ 75 ya Chekoslovakia ina alama mbili ndogo, moja kwenye slaidi na nyingine kwenye fremu, ambazo hulinganishwa ndipo pini itoke; na zile zinazofuata muundo wa John Browning wa mwaka 1911, ambazo hadi leo hutengenezwa na viwanda vingi, huwa na springi kali chini ya kasiba ambayo isipozuiwa kwa kidole gumba huruka hadi ukutani au jichoni. Pini ya bastola hiyo ya 1911 ikirudishwa kwa pupa huacha mkwaruzo wa nusu duara kwenye fremu, alama ambayo mafundi huitambua mara moja na kuitabasamia, maana hueleza tabia ya mwenye silaha kwa ufasaha wa barua ya utambulisho.

Kufungua kunapaswa kuishia kwenye sehemu kubwa nne au tano, ambazo ni slaidi, kasiba, springi na ufito wake, fremu na magazini. Vipande vilivyomo ndani ya slaidi na ndani ya fremu, kama pini ya kugonga fataki, kivuta ganda na mitambo ya kifyatulio, huachiwa fundi wa silaha aliyeidhinishwa, kwa sababu springi zake ni ndogo kama mbegu na mashimo yake yanahitaji vifaa maalumu. Mmiliki anayeanza kugonga pini kwa msumari na nyundo ya seremala amekwisha kuiharibu silaha kabla hata ya kuona ndani.

Vifaa vya kusafishia si vingi. Mswaki mpya wenye nyuzi ngumu, vipande vya fulana ya pamba iliyofuliwa, vijiti vya pamba vya kusafishia masikio, brashi ndogo ya nyuzi za shaba inayolingana na ukubwa wa kasiba, na mdeki, yaani ufito wa kusafishia bunduki, vinatosha. Msasa, nyuzi za chuma za kusugulia sufuria na unga wa kung'arishia havina nafasi hapa. Rangi nyeusi au ya buluu iliyoiva inayoonekana kwenye bastola za chuma ni tabaka jembamba la kutu iliyodhibitiwa kiwandani ili izuie kutu haribifu, na tabaka hilo likisuguliwa halirudi. Chuma cheupe kitakachoonekana chini yake kitang'aa kwa wiki moja, kisha kitaanza kuliwa. Bastola zilizopakwa nikeli huhitaji tahadhari nyingine, kwani dawa za kuondoa shaba ndani ya kasiba ambazo zina amonia hupenya penye ufa na kubandua nikeli, hasa ile iliyowekwa juu ya tabaka la shaba.

Suala la mafuta ndilo linaloharibu bastola nyingi, kwa kuwa kila nyumba ina chupa ya kitu kinachoteleza. Mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti au ya mahindi, hugandamana na hewa na baada ya miezi michache hugeuka kuwa gundi ya manjano ambayo kila aliyewahi kusafisha kikaango kilichosahauliwa anaifahamu. Mafuta ya nazi huganda yenyewe joto linaposhuka chini ya takribani nyuzi 24 za Selsiasi, na asubuhi za Arusha zinazopita kiwango hicho ni chache sana. Aliyeona chupa ya mafuta hayo ikiwa nyeupe mwezi wa Julai anaweza kufikiria hali ya slaidi iliyopakwa mafuta hayohayo. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari, ambayo hufaa kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa, ina tindikali na unga wa chuma na haipaswi kukaribia silaha. Mafuta ya kupuliza yanayotumika kufungua nati zilizoshikana hufukuza maji vizuri, lakini hukauka haraka, huacha utando, na hupenya kirahisi mahali yasipotakiwa. Anayekosa mafuta halisi ya bunduki anaweza kutumia mafuta mepesi ya cherehani, ambayo ni mafuta ya madini yasiyogandamana na hupatikana kwa bei ndogo sokoni.

Mafuta ya taa husafisha vizuri mafuta ya zamani yaliyoganda, ila hayalindi chuma, hivyo ni lazima yapanguswe yote na sehemu hiyo ipakwe mafuta mapya siku ileile. Petroli haifai. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na jiko la mkaa lililoko chumba cha pili linatosha kuuwasha. Thina ya rangi na mafuta ya breki hulainisha na kupasua mipini ya plastiki, na fremu nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa plastiki ngumu.

Kwa bastola ambayo haijapigwa, kazi kubwa iko kwenye reli za slaidi, shingo ya magazini, tundu la kutolea maganda na kona zinazogusana na mwili. Vumbi huondolewa kikavu kwanza, kwa mswaki usio na mafuta, kwani anayeanza kwa kupaka mafuta huyageuza mavumbi kuwa tope na kulisukuma ndani zaidi. Baada ya hapo kitambaa chenye mafuta kidogo hupitishwa nje yote, hasa upande unaolala kwenye ngozi, kwa kuwa chumvi ya jasho hula chuma ndani ya siku chache wakati wa joto la Januari na Februari. Kasiba ya bastola hiyo huhitaji kitambaa kikavu kimoja cha kuondoa nyuzinyuzi na kingine chenye alama tu ya mafuta; brashi ya shaba ndani ya kasiba isiyo na masizi ni usumbufu usio na faida.

Ikiwa imepigwa, mambo hubadilika. Kasiba husafishwa kutokea upande wa chemba kuelekea mdomoni, si kinyume chake, kwa kuwa ukingo wa mdomo ndio wa mwisho kuigusa risasi, na mkwaruzo mdogo wa mdeki mahali hapo huweza kuipotosha. Ndani ya kasiba mna mifereji myembamba inayojizungusha, ambayo huipa risasi mzunguko ili iende bila kuyumba, na brashi lazima ipite yote hadi itokee ng'ambo kabla ya kurudishwa, maana nyuzi zake zikigeuzwa njiani hupinda na kukwama. Risasi za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya majeshi ya nchi za Ulaya ya Mashariki, hasa za ukubwa wa milimita 7.62 kwa bastola za Tokarev na nakala zake za Kichina, huweza kuwa na fataki zinazoacha chumvi ndani ya kasiba. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo. Kinachohitajika ni maji ya moto yaliyochemka, yakimiminwa ndani ya kasiba iliyotolewa kwenye silaha, kisha kukaushwa mara moja na kupakwa mafuta; anayeogopa kulitia maji bomba la chuma ataamka kesho yake na kuliona limegeuka rangi ya udongo.

Masizi ya bastola yana risasi kwa maana ya madini, ile metali nzito yenye sumu, kutoka kwenye fataki na kwenye vichwa vya risasi visivyofunikwa kwa shaba. Kazi hii kwa hiyo haifanyiki kwenye meza ya kulia chakula wala karibu na watoto na wajawazito. Madirisha huachwa wazi, mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kushika chakula au sigara, na vitambaa vilivyotumika hufungwa kwenye mfuko na kutupwa badala ya kuchomwa jikoni.

Upakaji wa mafuta unahitaji mkono mchoyo. Tone moja kwenye kila reli, jingine juu ya kasiba mahali inaposuguana na slaidi, na utando usioonekana nje: hayo yanatosha. Mahali pawili hapahitaji mafuta hata kidogo, nayo ni ndani ya magazini na kwenye njia ya pini inayogonga fataki. Mafuta yaliyoko kwenye njia hiyo hukusanya vumbi na nyuzi, huwa mazito wakati wa baridi, na huipunguzia pini kasi kiasi cha kugonga bila kuwasha. Yale ya ndani ya magazini hupanda kwenye risasi, na yakikaa muda mrefu huweza kupenya ndani ya fataki na kuiua, na mwenyewe hatajua mpaka siku atakapohitaji risasi hiyo.

Baada ya kuunganisha, slaidi hurudishwa nyuma na mbele mara chache ikiwa tupu, na kifyatulio huvutwa mara moja kuelekea kwenye ndoo ya mchanga ili kuhakikisha kwamba kinarudi mahali pake na kwamba kifungo cha usalama kinazuia kinapopaswa kuzuia. Kubofyabofya bastola tupu kwa mchezo ni jambo jingine. Bastola nyingi za kisasa huvumilia, ila za zamani hazivumilii, na CZ 52 ya Chekoslovakia inafahamika kwa pini inayovunjika kwa urahisi ikigonga hewa. Vilevile kuitumbukiza risasi moja kwa moja kwenye chemba kwa mkono na kuiachia slaidi iigonge huweza kuvunja ncha ya kivuta ganda, kwani katika miundo mingi kipande hicho kilikusudiwa kuishika risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, si kuiruka ikiwa imekwisha kukaa.

Kuna uharibifu mmoja ambao humpata hasa mmiliki mwangalifu, na ambao hauzungumzwi vya kutosha. Anayeondoa risasi kila usiku kabla ya kulala na kuirudisha kila asubuhi huwa anaichukua ileile ya juu na kuiingiza kwenye chemba karibu mara thelathini kwa mwezi. Kila inapoingia, kichwa chake hugonga mteremko ulioko mbele ya chemba, na taratibu husukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti hupungua, na risasi hiyo ikipigwa shinikizo hupanda kupita kiasi kilichokusudiwa, hali inayoweza kupasua ganda au hata kasiba. Uchunguzi wake hauhitaji kipimo: risasi hiyo husimamishwa mezani kando ya nyingine mpya ya aina ileile, na ikiwa fupi, hata kwa tofauti ambayo jicho linaikisia tu, huondolewa katika matumizi. Ni vyema pia risasi zibadilishwe nafasi kwenye magazini ili isiwe moja inayoteseka. Risasi mbovu hazitupwi chooni, hazifukiwi shambani na hazichomwi moto, bali hupelekwa kituo cha polisi ambako silaha ilisajiliwa.

Uhifadhi una tatizo lake katika nyumba za miteremkoni, kuanzia Sakina na Ilboru kupanda juu hadi Olmotonyi. Chuma kilichopoa usiku kikikutana na hewa yenye joto na unyevu, kama ile ya chumba kilichofungwa ambamo watu wanapumua na chai inachemka, hutoka jasho la matone madogo ambayo huingia kila pembe. Bastola inayotoka kwenye baridi iachwe ndani ya mfuko au sanduku lake mpaka ipate joto la chumba, ndipo ifunguliwe na kupanguswa. Kuihifadhi ndani ya ala ya ngozi ni kosa la kawaida sana; ngozi hunywa unyevu, na dawa zilizotumika kuitengeneza huwa na chumvi na tindikali ambazo hula chuma kwa umbo la ala yenyewe. Sefu ya chuma isifungwe kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinafaa kuwekwa ndani yake, vikibadilishwa kila baada ya masika. Risasi hukaa kwenye sanduku tofauti lenye kufuli lake.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamfunga mmiliki kwa leseni yenye jina lake na namba ya silaha yake, na kuitunza mahali salama ni wajibu wake wa kisheria. Jambo hilo linagusa usafishaji moja kwa moja. Bastola haipelekwi kwa fundi pikipiki wala kwa mchongaji vyuma wa mtaani, hata akiwa na ustadi gani, kwa kuwa kumwachia mtu asiyeidhinishwa silaha ni kosa, na anayekabidhi na anayepokea wote huingia hatiani. Mwaka 2016, wakati wamiliki walipotakiwa kupeleka silaha zao kuhakikiwa, namba iliyochorwa kwenye chuma ilikuwa miongoni mwa vitu vya kutazamwa, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inazitaka nchi za ukanda huu ziweke alama za utambulisho kwenye silaha. Mahali penye namba hiyo panguswe kwa kitambaa laini na tone la mafuta tu. Kutu ikianza kuila, mwenye silaha aipeleke polisi namba ikiwa bado inasomeka na aombe maelekezo kwa maandishi, badala ya kujaribu kuisugua au kuichora upya.